Nimealikwa Guntur kwa akina rafiki yangu: nitakulaje chakula chenye pilipili kali bila kumvunjia mama yake heshima?

Mwanafunzi wa Hyderabad

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Morogoro, na tangu mwezi wa Agosti ninasoma shahada ya uzamili katika jiji la Hyderabad, India. Ninaishi hosteli, chumba kimoja na dada wa Kitelugu anayetoka Guntur, katika jimbo la Andhra Pradesh, na kwa miezi hii michache tumekuwa kama ndugu wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanda mabasi ya jiji hili, na nilipougua homa mwezi wa Septemba ndiye aliyekesha kando ya kitanda changu akinikanda kwa kitambaa cha maji. Sasa amenialika kwao kwa sikukuu ya Sankranti, katikati ya Januari, na mama yake amekwisha kuuliza kwa simu mgeni wake anapenda kula nini. Hapo ndipo ninapohitaji msaada wenu.

Kabla ya kuja huku niliamini kwamba ninakijua chakula cha Kihindi, kwa sababu nimekulia katika chapati, sambusa, bajia na biriani ya sherehe. Wiki yangu ya pili nilinunua bajia kwa muuzaji wa barabarani nikitarajia kukuta kiazi ndani, nikauma pilipili nzima ya kijani, ndefu kama kidole cha kati. Nilidhani muuzaji amekosea, kumbe ndivyo bajia hiyo inavyotengenezwa, na watu wote waliosimama pale walikuwa wameifuata hiyo hiyo.

Jambo kubwa zaidi lilitokea mwezi wa Oktoba. Rafiki yangu aliletewa kutoka nyumbani chupa ya avakaya, achari ya maembe mabichi iliyotiwa unga wa pilipili, haradali iliyosagwa na mafuta ya ufuta, ambayo mama yake huitengeneza mwenyewe kila msimu wa joto. Akaifungua kwa furaha, tukakaa na sahani zetu za wali, nami nikachota kijiko kilichojaa nikaichanganya na wali kama mtu anayemwagia mchuzi. Tonge la pili halikufika kooni. Nilishikwa na kwikwi, machozi yakanitoka, masikio yakawa yanavuma, na kila glasi ya maji niliyokunywa ilikuwa kama imeueneza moto badala ya kuuzima. Rafiki yangu aliogopa, akaniomba radhi mara nyingi kwa kosa ambalo halikuwa lake, na tangu siku hiyo huifungua chupa yake nikiwa darasani. Hilo linaniuma kuliko pilipili yenyewe, kwamba mtu anakula kwa kujificha chakula cha mama yake, katika chumba chake mwenyewe, kwa ajili yangu.

Zimebaki wiki tano. Je, mtu anaweza kujizoeza kwa muda huo? Kuna namna ya kula ambayo sikuijua? Nimweleze mama yake mapema, au ninyamaze na kuvumilia? Na pia, mjomba wangu amekuwa akisema siku zote kwamba pilipili huleta vidonda vya tumbo, nami nina kiungulia cha mara kwa mara. Naomba majibu kutoka kwa mliowahi kuishi huku.

Mkazi wa zamani wa Hyderabad

Dada, pole sana. Nimeishi Hyderabad miaka minne na mwaka mmoja nilipanga kwa familia ya Kitelugu, kwa hiyo yaliyokupata nayafahamu vizuri. Nitakujibu kwanza lile swali la namna ya kula, kwa sababu naamini kisa chako chote kimejificha humo.

Mlo wa Andhra una mpangilio wake, na kila chakula huchanganywa na wali kwa zamu, hakirundikwi chote mara moja. Kwa kawaida huanza pappu, yaani dengu zilizopikwa zikalainika, pamoja na kijiko cha samli juu ya wali wa moto. Kisha huja mboga, kisha mchuzi mchachu wa ukwaju unaoitwa pulusu, kisha rasam ambayo ni nyepesi kama supu, na mwisho kabisa wali mtupu na mtindi, ambao wao huuita perugu. Ukiutazama mpangilio huo kwa makini utaona kwamba ukali umewekwa katikati, umetanguliwa na mafuta na kufungwa na mtindi. Watu hao hawana ndimi za chuma. Wamerithi utaratibu unaowalinda, nawe uliingia katikati ya safari bila kupita mlangoni.

Avakaya nayo hailiwi na wali peke yake kwa mtu asiyeizoea. Mle kwao watakuwekea muddapappu, ambayo ni mbaazi zilizokobolewa, zikapasuliwa na kupikwa zikawa nzito bila kiungo kingine cha maana. Fanya kidimbwi cha samli juu yake, changanya na wali kwa vidole vya mkono wa kulia, kisha chukua achari kidogo sana, kiasi cha ncha ya kidole, uipake kwenye tonge. Ndipo utakapotambua kwamba achari hiyo ina uchachu wa embe, ukali wa haradali unaopanda puani na harufu ya ufuta, mambo ambayo siku ile yote yalizibwa na pilipili. Wanaipenda kwa ajili ya hayo, na mtu aliyeila kama mchuzi hawezi kuyaona.

Jifunze maneno machache ya Kitelugu kabla ya kuondoka. Kaaram ni ukali wa pilipili, takkuva ni kidogo, chaalu ni yatosha, na neyyi ni samli. Neno chaalu ulitamke huku umeutandaza mkono juu ya sahani, kwa sababu mama wa nyumba atasimama karibu na kukuongezea kila anapoona pamebaki nafasi, na kwake sahani iliyo wazi ni sahani inayoomba. Nilikaa wiki tatu bila kulijua neno hilo, na nilikuwa ninalala nimeshiba hadi siwezi kugeuka.

Mpishi wa Unguja

Mwanangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nami nakuuliza: hivi Morogoro mnakula achari kwa kijiko kizima? Huku kwetu achari ya ndimu au ya embe huwekwa pembeni ya biriani, na mtu huigusa tu. Neno ni lile lile na matumizi ni yale yale, ila ulipofika ugenini ukasahau ulichokuwa unakijua. Sikulaumu, kwa sababu ugeni hutusahaulisha mengi.

Kuhusu kudhani kwamba ulikijua chakula cha Kihindi, jambo hilo lina sababu yake. Wahindi wengi waliohamia pwani yetu walitoka Gujarat na Kachchh, na mapishi ya Kigujarati hupenda utamu kidogo. Si ajabu kukuta sukari ndani ya dengu au ndani ya mchuzi wa mboga. Wengine walitoka Punjab na Goa. Watu wa Andhra hawakuja kwetu kwa wingi, kwa hiyo chapati, bajia na sambusa ulizokulia ni za upande mmoja wa nchi iliyo kubwa sana, tena zimekwisha kukaa nasi kwa vizazi vingi zikapokea nazi yetu na ndimu yetu. Kumwambia mtu wa Guntur kwamba umezoea chakula cha Kihindi kwa sababu ya sambusa ni kama Mhindi kuja Bukoba na kusema anakijua chakula cha Kiafrika kwa kuwa alikula urojo Forodhani.

Tena tofautisheni viungo na pilipili, maana watu wengi huvichanganya. Iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, giligilani na uwatu vina harufu na ladha nzito, lakini haviunguzi. Kinachounguza ni pilipili, nayo si ya asili ya India. Ilitoka bara la Amerika na kuletwa na Wareno baada ya kufika kwao Kalikut mwaka 1498. Kabla ya hapo Wahindi walitegemea pilipili manga ya pwani ya Malabar na tangawizi kwa ukali. Ninayasema haya ili ujue kwamba ukiomba chakula kipunguzwe pilipili, hujaomba kiondolewe roho yake. Viungo vyote vingine vinaweza kubaki kamili.

Ukitaka kujizoeza, pikeni pamoja kama hosteli inaruhusu. Pilipili za India hazilingani hata kidogo. Guntur kuna soko la pilipili kavu ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani, na pilipili za huko ni kali kweli. Lakini kuna pilipili iitwayo Byadgi, ya jimbo la Karnataka, iliyokunjamana na nyekundu sana, na nyingine huuzwa kwa jina la Kashmiri. Hizo hutia rangi nzuri na ukali wake ni mdogo. Anzeni na hizo, kisha kila wiki mchanganye kidogo ile ya Guntur. Na kama mnatumia pilipili mbichi, pasua uondoe ule utando mweupe wa ndani unaoshikilia mbegu, kwa sababu ukali mwingi umo katika utando huo, ingawa watu husingizia mbegu.

Muuguzi wa Mombasa

Dada yangu, naomba nijibu upande wa afya peke yake, kwa kuwa wenzangu wameyaeleza vizuri ya jikoni.

Ule moto unaousikia si moto wa kweli, wala ulimi wako haukuungua. Ndani ya pilipili mna kemikali inayoitwa kapsaisini, ambayo hushika vipokezi vya neva vilivyowekwa mwilini kutambua joto linaloumiza, la nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi. Kipokezi kikishikwa, ubongo hupokea habari kwamba mdomo unaungua, na mwili hujibu kwa jasho, machozi na makamasi kama ungejibu hatari halisi. Ugunduzi wa kipokezi hicho ni sehemu ya kazi iliyompatia David Julius Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021, aliyopewa pamoja na Ardem Patapoutian.

Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, bali katika mafuta, na ndiyo sababu glasi zako za maji ziliusambaza ukali mdomo mzima. Maziwa na mtindi husaidia kwa sababu vina protini ya kaseini, ambayo huikamata kemikali hiyo na kuiondoa juu ya ulimi. Ukizidiwa, chukua mtindi, uuzungushe mdomoni polepole, kisha umeze. Wali mkavu au ukoko wa chapati nao husaidia kuisugua. Watu wa huko hunywa pia majjiga, yaani mtindi uliochanganywa na maji na chumvi, nayo inafaa sana. Na baada ya kula kwa mkono, usijiguse macho mpaka umenawa kwa sabuni. Kama vidole bado vinawasha, vipake mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni.

Mjomba wako amesema jambo ambalo hata sisi tulifundishwa na wazee wetu, lakini pilipili haisababishi vidonda vya tumbo. Vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori, jambo lililowapatia Barry Marshall na Robin Warren walioligundua Tuzo ya Nobel mwaka 2005; vingine husababishwa na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu. Hata hivyo mtu mwenye kiungulia anaweza kuumia zaidi akila pilipili nyingi, hasa usiku wa manane au akilala mara baada ya chakula. Kwa hiyo usianze na pilipili tumbo likiwa tupu, kula mapema jioni, na kama kiungulia kinakujia kila wiki nenda kapimwe kabla ya safari. Ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu, usisubiri majibu ya mtu yeyote hapa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kujizoeza, inawezekana. Neva zinazoguswa na kapsaisini mara kwa mara hupunguza mwitikio wake, na wiki tano za kula kidogo kidogo kila siku zinatosha kuona mabadiliko, ingawa hutamfikia mtu aliyeanza utotoni.

Msomi wa Pune

Mimi nina mawazo tofauti kidogo kuhusu kumweleza mama mapema. Nilipoalikwa kwa mwenzangu, nilitanguliza habari kwamba sili pilipili, na matokeo yake nikapikiwa chakula changu peke yangu katika sufuria ndogo, nikakila peke yangu huku familia nzima ikila kingine. Walifanya kwa wema kabisa, lakini nilijiona kama mgonjwa aliyeletewa uji. Kama ningerudi nyuma, ningenyamaza na kula kidogo cha kila kitu.

Mkazi wa zamani wa Hyderabad

Ndugu yangu wa Pune, ninakuelewa, lakini nadhani kilichokutenga ni namna ulivyosema. Ukisema "sili pilipili", mama hana njia isipokuwa sufuria ya pili. Ukisema "nataka kula mnachokula, ila ninajifunza, kwa hiyo naomba samli na mtindi viwe karibu nami", umemwachia jiko lake lilivyo na umempa kazi ya ualimu, ambayo akina mama wengi huipenda. Pappu, wali, samli na mtindi vitakuwepo mezani hata asingekuwepo mgeni.

Tena dada, kabla ya kuzungumza na mama, zungumza na rafiki yako. Mwambie aifungue ile chupa mbele yako. Mwombe akufundishe kula avakaya tangu mwanzo, kama alivyokufundisha mabasi. Hata ukienda Guntur ukala vizuri, bado mtarudi chumba kile kile, na chupa bado itakuwa imefichwa.

Mwanafunzi wa Hyderabad

Ndugu zangu, shikamooni kwa wanaostahili. Nimerudi juzi kutoka Guntur na nilidhani si uungwana kupokea ushauri wenu kisha kunyamaza.

Usiku ule ule niliosoma jibu la mwisho nilimwomba rafiki yangu aitoe chupa. Alikataa mara mbili, akidhani namfariji. Nilipomwambia kwamba nilikuwa nimekula vibaya, kwamba ningekula hivyo hata achari ya nyumbani kwetu ingenishinda, alicheka akaenda kununua mbaazi zilizopasuliwa na samli. Tulipika muddapappu kwenye jiko dogo la umeme. Ncha ya kidole, kama mlivyosema. Iliwasha, lakini safari hii nililisikia embe, na ile haradali ilinipanda puani sawasawa na mlivyoieleza. Tangu siku hiyo tumekula hivyo karibu kila Jumamosi, na chupa inakaa kwenye rafu iliyo kati ya vitanda vyetu.

Kwao nilipokewa kama binti. Siku ya Bhogi, inayotangulia Sankranti, tuliamka alfajiri kuota moto uliowashwa nje kwa vitu vikuukuu vya nyumba, na siku ya Sankranti tulilishwa ariselu, vitumbua vya unga wa mchele na sukari guru, ambavyo nilikula zaidi ya kila mtu. Kwenye chakula cha mchana mama alinikalisha kando yake na bakuli la mtindi mbele yangu, akawa ananichanganyia matonge ya kwanza kwa mkono wake. Kulikuwa na mchuzi wa gongura, majani machachu ya huko, uliokuwa mkali mno kwangu, nami nikatamka chaalu na kuifunika sahani yangu kwa mkono, na hakuna aliyekasirika. Nilipouonja ule uchachu wa majani nikawaeleza kwamba kwetu kuna choya, mmea wa jamii hiyo hiyo, ambao sisi huchemsha maua yake kuwa sharubati nyekundu. Mama alistaajabu kwamba tunayaacha majani.

Kitu kimoja zaidi. Mama aliniuliza kama mbaazi zinalimwa kwetu. Nilimwambia kwamba Lindi na Mtwara hulima nyingi na sehemu kubwa huuzwa India, kwa hiyo huenda amewahi kuzipika bila kujua. Akaniuliza sisi wenyewe tunazilaje. Nikamtajia mbaazi za nazi, na nikashindwa kumweleza vipimo, kwa sababu nimezila tu na sijawahi kuzipika. Amesema nikirudi mwezi wa Machi kwa Ugadi, mwaka mpya wa Kitelugu, ni zamu yangu kuingia jikoni, nasi tutakuwa watu wanane. Mpishi wa Unguja, shikamoo mama, nakuomba unisaidie.

Mpishi wa Unguja

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi mno.

Kwa watu wanane chukua vikombe vitatu vya mbaazi kavu nzima, si zile zilizopasuliwa. Ziloweke usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uzichemshe kwa maji mapya mpaka zibonyee kwa vidole. Nazi mbili zikune na kuzikamua; tui la kwanza, lile zito, liweke pembeni, na tui la pili lipikie mbaazi pamoja na kitunguu kilichokatwa, manjano kidogo na chumvi, kwa moto mdogo. Zikikaribia kukauka ndipo utie tui zito, ukoroge taratibu bila kuacha, kwa sababu tui likichemka kwa fujo hukatika. Epua zikiwa bado na rojo, maana zitaendelea kuganda zikipoa. Sisi huzila na mahamri asubuhi, lakini kwa wali wao zitafaa. Pilipili moja mbichi iweke nzima juu wakati wa kumalizia, uiondoe kabla haijapasuka. Kisha iweke ile chupa ya avakaya mezani, anayetaka ajiongezee mwenyewe.